Sukari Haiulizi Jina

Nimepewa jina la nyanya, mama yake baba, na kwa desturi yetu Wagiriama baba huniita "mama", nami huitika "abee". Cheo hicho kilikuja na adhabu yake. Nyanya alikuwa na sukari, akakatwa mguu, na nyumba yetu nzima pale Mishomoroni iliamini kwamba ugonjwa hufuata jina. Basi tangu utotoni chai yangu haikutiwa sukari. Kaka yangu, mwenye jina la upande wa mama, alitia vijiko atakavyo huku akinicheka. Nililichukia jina lile.

Mwaka jana kaka akaanza kukonda. Maji hayamtoshi, na kidole cha mguu alichokwaruzwa na mkokoteni sokoni Kongowea kikafanya kidonda kisichopona. Huyu akasema malaria, yule akasema kapigwa jicho. Sukari hakuna aliyeitaja, kwani jina analo? Lakini kidonda cha nyanya kilianza vivyo hivyo. Nikamshika mkono, nikampeleka zahanati kwa nguvu.

Sukari yake ilikuwa juu mno. Akabisha: mwenye jina la nyanya si yeye, ni mimi. Nikapimwa, yangu ikawa sawa. Muuguzi akatueleza kwamba kinachorithiwa ni vinasaba, tunavyopewa na baba na mama. Vinaweza kumsogeza mtu karibu na ugonjwa, ila chakula na maisha yake navyo vina sauti.

"Nyote ni wajukuu wake," akasema. "Sukari haiulizi jina."

Huenda chai ile chungu ilinisaidia, huenda ni bahati tu. Kaka sikumwonea huruma. Nilimsimamia vidonge, nikamsindikiza kufungwa kidonda, nikamfichia soda zake. Aliponuna, nilinuna zaidi.

Juzi daktari akafungua bandeji, akasema kidonda kimepona na mguu ni mzima, hakuna cha kukatwa. Nililia mbele za watu wala sikuona haya. Nilijiona nimemlipia nyanya kisasi.

Nyumbani nikamwekea kaka chai isiyo na sukari. Akaionja, akakunja uso. Baba akamtazama mguuni, kisha usoni.

"Kunywa, mama," akamwambia.

"Abee," kaka akaitika, akainywa yote.