Kizungu Changu na Kamba ya Baluni

Mimi ndiye niliyevunja mguu wa mtu kwa Kizungu cha darasa la tano, halafu nikamsingizia yeye mwenyewe. Hata leo nikiwasha meko na harufu ya gesi ikinipiga, narudi Kishushe, siku baluni ya watalii, ile ya kupaa kwa moto wa gesi, ilitua vibaya malishoni kwetu.

Upepo ulikuwa mkali. Sisi watoto tukakimbia kusaidia kushika kamba, pamoja na kijana wa Bura, mfanyakazi wa hiyo baluni. Rubani mzungu akapiga kelele: "Don't let go!" yaani msiachilie. Mimi, bingwa wa Kizungu, nikashika maneno mawili ya mwisho tu, "let go". Nikatafsiri kwa maringo: "Anasema tuachilie!"

Tukaachilia wote, isipokuwa yule wa Bura. Kikapu kikamburuta kwa miiba mpaka mguu ukalia kama ukuni mkavu. Na sisi tulikuwa tunacheka.

Wachunguzi wa ajali wakaja na makaratasi, wakauliza nani alisema kamba iachiliwe.

"Ni yule wa Bura," nikasema.

Wakaandika. Alifutwa kazi mguu ukiwa bado kwa plasta.

Siku hiyo ya maswali, tukirudi nyumbani, rafiki yangu alinipigia makofi: "Mwalimu, Kizungu umefeli, lakini uongo umepata mia kwa mia."