Siku Bibi Alipokubali Nikaone Ndege

Mvuje unanuka. Asiyeujua achanganye akilini kitunguu kilichooza na soksi ya mlinzi, atakuwa ameukaribia. Mimi nilikulia ndani ya harufu hiyo pale Pongwe, nje ya mji wa Tanga, kwa sababu Bibi, mzaa mama, alinifunga kipande cha mvuje, ule utomvu mkavu wa dawa, shingoni ndani ya kitambaa cheusi nikiwa na miaka mitatu, na hakukifungua hata nilipoanza shule. Wenzangu darasani walihama dawati. Mwalimu wangu wa darasa la pili alifungua dirisha kila nilipoingia, tena bila kujificha. Nikirudi nyumbani nalia, Bibi hakunibembeleza. Alikuwa akiniita mke mwenza, kama wafanyavyo mabibi wa kwetu kwa wajukuu wa kike, akaniambia, "Nuka tu, mke mwenzangu. Unuke uishi." Kisha ananipa kipande cha muhogo wa kuchoma, na mazungumzo yameishia hapo.

Mvuje ule ulikuwa kinga ya ndege. Pwani yetu neno hili lina kazi nyingi. Ndege ni mwenye mbawa na manyoya, ndege ni ile inayobeba abiria, na ndege, wengine husema dege, ni ugonjwa unaomkaza mtoto mwili ghafla, macho yakageuka na povu likamtoka. Wazee waliamini kwamba mtoto hupatwa na hayo akiangukiwa na kivuli cha ndege anayepita juu. Mimi ulinishika mara mbili nikapona. Lakini mtoto wa kwanza wa Bibi, Mwanaidi, dada yake mama yangu, hakupona. Alasiri moja Bibi alimlaza uani juu ya mkeka huku yeye akichambua mchele, kundi la ndege likapita, na kabla ya magharibi mtoto akawa hayupo tena. Bibi aliisimulia habari hiyo mara chache sana, na kila mara aliimaliza kwa maneno yale yale: "Mimi ndiye niliyemtoa nje." Halafu anatafuta kitu cha kufagia hata kama palikuwa safi. Kwa hiyo nyumbani kwetu ndege hawakutazamwa. Mbayuwayu wakitua kwenye nyaya, naitwa ndani. Kuku tulifuga, maana kwa hesabu ya Bibi kuku hawakuwa ndege, walikuwa kitoweo.

Mimi nilikuwa na hamu na ndege mpaka naumwa. Kinachokatazwa na bibi yako, jamani, unakiota. Nilikuwa nikichungulia kwenye tundu la dirisha la choo, nikimwona keremkerem amekaa juu ya waya na rangi zake, moyo unanidunda. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea, ila Shangazi Zuhura, dada yake baba. Huyu alikuwa na kazi ambayo ukoo mzima ulishindwa kuieleza: alikaa Ushongo, kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni, akiwatembeza Wazungu kutazama ndege. Kinywa chake hakikujua kupumzika. Desemba moja, nikiwa na miaka tisa, alimpigia Bibi kwa simu ya jirani. "Shikamoo Mama. Naomba mtoto likizo hii, nikamwoneshe ndege. Kutoka Ulaya!" Bibi akafurahi. Akasema mtoto wa siku hizi lazima aone ndege, huenda naye akasafiri akawa mtu. Akawatangazia majirani wote, akanitolea gauni langu la Idi, akalipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Mimi nilijua kabisa ni ndege gani, nikakaa kimya kama sijui.

Shangazi akaja asubuhi na gari la kazini, darubini inaning'inia kifuani. Akaamkia, akaketi, akanywa chai, na hapo ulimi ukamponza. "Mwaka huu wamewahi, Mama. Wameshafika wengi."

"Zimeshafika," Bibi akamsahihisha kwa upole.

"Wameshafika, Mama. Vitwitwi, sululu, kila namna. Kwao huko ni baridi kali, wanakuja kuota jua kwetu."

Bibi akaliweka birika chini. Nilimwona anageuka kunitazama mimi na gauni langu la Idi, uso ukambadilika. "Zuhura! Ndege ndege?"

"Ndege ndege, Mama. Kwani wewe ulidhani ndege gani?"

"Astaghfirullahi! Mimi nimedhani kiwanja cha ndege!" Shangazi akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona Bibi anakaza fundo la mvuje shingoni mwangu. Nikaanza kulia papo hapo, kilio cha kweli, kwa sababu niliona safari imekufa. Bibi akaangalia mlango. Neno lilikuwa limeshamtoka mbele ya majirani, na Bibi hakuwa mtu wa kumeza alichokwisha kutamka. Mwisho akainuka, akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga safi, na mkononi ana mwavuli mkubwa mweusi wa marehemu Babu. Akaenda kuketi kiti cha mbele bila kumuaga mtu, akasema, "Washa gari. Lakini mtoto hatoki chini ya huu."

Basi nikaenda kuona ndege kupitia chini ya mwavuli. Pangani, tukiwa juu ya kivuko, membe, ndege weupe wa baharini, walikuwa wakizunguka, na Bibi alifunga vioo vyote tukaiva humo ndani kwa joto la kaskazi, jasho linatutoka na mvuje unafanya kazi yake. Shangazi alitaka kuzimia. Ushongo tuliteremka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, nikaona vitwitwi wadogo wakikimbia ukingoni mwa wimbi kwa vile vijiguu vyao. Nilikuwa nawaona kuanzia shingoni kwenda chini tu, maana Bibi aliushusha mwavuli hadi kwenye paji la uso wangu. Nikisogea anasogea, nikiinama anainama. Wavuvi walisimama kututazama sisi. Shangazi akanong'ona kwamba vijitu vile, vyepesi kuliko yai la kuku, vimeruka kutoka nchi za theluji kuja kula pale. Bibi akajibu, "Na warudi salama," na kwa jinsi alivyosema, alimaanisha warudi sasa hivi.

Siku ya pili tukafika kwenye mashamba ya chumvi, mbele kidogo ya Mkwaja. Sijaona mahali pengine kama pale. Maji yamekaushwa na jua, ardhi nyeupe inawaka machoni, hakuna mti, hakuna jani, na tope linanuka kama mayai. Shangazi alipaita jangwani. Katikati, kwenye dimbwi lililobaki, walisimama heroe, wa rangi ya waridi, wengi mno, miguu mirefu, shingo zimepinda wanakula kichwa chini. Nikasahau kupumua. Ghafla furukombe, yule tai mla samaki, akapita juu, na heroe wote wakainuka kwa pamoja, wakageuka, wakaja upande wetu. Upepo ukaupindua mwavuli na kumpokonya Bibi. Vivuli vyao vikaja vinakimbia juu ya ile chumvi nyeupe, vingi, vinaonekana wazi kabisa, na nilijua vinanijia mimi. Bibi akapiga ukelele akaniangukia, akanifunika kwa kanga na mwili wake wote. Nilisikia moyo wake mgongoni mwangu, nikasikia mbawa zinapita juu yetu, na nikaogopa. Lakini kichwa changu kilikuwa kimetokeza nje ya kanga, na niliona kila kivuli kinavyonipita usoni.

Jioni yote alinishika paji la uso. Akanitazama macho, akaninyoosha vidole, akanilazimisha niseme majina ya ndugu zangu. Nilikula wali samaki nikaongezwa. Asubuhi, kwenye nyumba tuliyolala Mkwaja, nilikuwa nimeketi barazani natafuna mkate wa boflo na chai, natikisa miguu, Bibi akiniangalia kwa muda mrefu. Akamuuliza Shangazi, "Vile vivuli vilimgusa?"

"Vilimgusa, Mama. Vilitugusa sote."

Bibi akainamisha kichwa. "Basi kilichomuua Mwanaidi si kule kumtoa nje."

Shangazi Zuhura akasogea karibu naye. Akamshika mkono tu. Bibi akalia, kilio kidogo cha mtu aliyechoka, na mimi nikaacha kutafuna. Alipomaliza akapenga kamasi, akasema, "Haya, lete hicho kidubwana chako cha kutazamia." Mvuje hakuufungua, msije mkadhani, niliuvaa mwaka mzima mwingine. Lakini siku ile, tulipoendelea hadi mbuga ya Saadani, darubini sikuipata tena. Tembo alisimama kando ya njia, na Bibi akamwambia asogee, anamzibia mwari wake, yule ndege mwenye mfuko mdomoni.

Sasa Bibi ametangulia mbele ya haki, na mimi ni mama. Mtoto akichemka mwili siku hizi, tunakimbia zahanati, anatobolewa kidole, malaria inaonekana, dawa anapewa. Nashukuru kwa hilo kila siku, na moyo unanichoma nikifikiri kwamba Mwanaidi angepona kwa vidonge tu. Mengi Bibi hakuyajua. Lakini lile alilolifanya mimi naliona gumu kuliko kujua: aliamini kwa dhati kwamba kule kuna mauti, akapanda gari akaenda, ili mtoto asinyimwe furaha. Mimi sina imani ya vivuli. Naogopa barabara, naogopa maji, naogopa watu nisiowajua, na binti yangu akija kuniomba kwenda mahali, "hapana" ndiyo inayofika mdomoni kwanza. Naimeza. Namwambia, "Ngoja nivae viatu, twende wote."