Gata ya Mama

Kwetu, karibu na Butali, miwa huchomwa kabla ya kukatwa. Masizi hutua kwenye mabati, kisha umande huyateremsha hadi kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa. Humo yanakutana na majani ya mkaratusi na kushikana kama udongo wa kukandika. Gata ya Mama ilijaa hadi nyasi zikaota. Kila mvua ilipokunya, maji yalirudi ukutani, upande wa chumba alicholala tangu kiharusi kilipomwangusha. Ulikuwa ukuta wa udongo, simiti nje tu. Nilibonyeza kidole kikazama.

Kaka yangu alikuwa Lugari akivuna mahindi. Kwenye simu alisema angekuja Jumamosi na wavu wa kufunika gata. Mwanamume aliyekuwepo ni mume wangu, naye alikuwa ameegemea ngazi nje.

"Mama, huyu apande tu asafishe."

"Mkwe apande juu ya kichwa changu? Mnataka nife na aibu?"

"Basi nitapanda mimi."

"Mwanamke juu ya paa! Panda, ukishuka utafute mama mwingine."

Mume wangu alicheka kwa sauti ya chini. Hakuwahi kumjibu mkwewe moja kwa moja; kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawakaribiani. "Mwambie nimesikia. Hata kiti chake sikaliangi."

Alichukua mwanzi mrefu, akasimama chini akichokoa mdomo wa bomba la kuteremshia maji. Vikadondoka vipande vichache vyeusi. Akafunga karatasi ya nailoni ukutani. Alasiri mawingu yalipanda kutoka upande wa msitu, na mvua ya mawe ikaja na upepo uliong'oa nailoni mara moja.

Ukuta haukupiga kelele nyingi. Uliketi tu, kama mtu aliyechoka, ukaangukia miguu ya Mama kitandani.

Nilimvuta, nikashindwa. Mume wangu aliingia katika chumba ambacho hakuwahi hata kukichungulia, akaondoa mabonge ya udongo, akambeba mkwewe kifuani, uso ameugeuzia pembeni, akijikwaa. Mama alijifunika leso kichwani.

Hospitalini walimfunga plasta mguu wa kushoto. Kaka alikuja Jumamosi na wavu wake, akakuta gata imeanguka pamoja na ukuta, hakuna cha kufunika. Mama tukamlaza jikoni. Aliniita karibu.

"Mwambie mume wako nimeshukuru," alisema. "Mwambie pia asikanyage hapa tena. Hata kunizika asije."