Sketi Zilizosimama Zenyewe

Baba yangu alikuwa na vidole saba vya miguu. Vitatu vililiwa na funza akiwa kijana, mwaka ambao mvua iligoma na vumbi la zizini likajaa wadudu mpaka mbuzi wakawa wanatembea kwa magoti. Hata mimi nilipozaliwa funza walikuwa hawajamwacha. Jioni mama alimkalisha nje na kumchokoa kwa mwiba wa mgunga.

"Tulia! Mwanamume mzima unalilia mdudu?"

"Mdudu wako huyo ana shamba mguuni mwangu," baba alijibu, "na wewe ndiye unayempalilia."

Naanza mbali, najua. Lakini vidole vya baba ndivyo vilivyonifikisha kwenye zile sketi, na nisipovisema hamtaelewa kwa nini nilifanya ujinga nilioufanya.

Kabla ya funza baba alikuwa mcheza ngoma. Kwetu Usukumani, mavuno yakishaingia ndani, ngoma mbili husimama zikitazamana, na watu huhesabiwa wamekwenda upande gani. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Vidole vilipokwisha baba hakuweza kuruka tena, akawa mtu wa kuwafunga wachezaji. Kuwafunga maana yake kuwavisha dawa: ya kuvuta watu, ile tunayoita samba, na ya kuzuia jicho baya. Alizishona ndani ya mikanda, kwenye pindo za nguo, popote pasipoonekana.

Nilikuwa na miaka kumi hivi nilipomwona kijana mmoja akikataa kufungwa. Kijana mrefu, njuga mpaka magotini, hakuna aliyemweza. Alimwambia baba mbele za watu, "Mzee wa vidole saba, dawa yako ingerudisha kwanza vile vitatu!" Watu wakacheka, hata mama alicheka. Saa sita mchana alikuwa anazunguka katikati ya uwanja, sisi tunapiga kelele. Ghafla akasimama, kama mtu aliyeitwa jina. Akaanguka. Ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni, amekufa. Leo daktari angesema ni jua, au moyo. Inawezekana. Mimi nasema nilichokiona.

"Macho ya watu ni mzigo, mwanangu," baba aliniambia usiku ule. "Anayesimama mbele ya macho mengi bila kufungwa kitu, yuko uchi."

Basi. Nilipokua nikaondoka nyumbani kutafuta kazi, baba alinipa hirizi yake mwenyewe ya zamani. Ndogo kama punje ya kunde, ngozi ya mbuzi imeshonwa, ndani kipande cha mzizi na kijiwe cheupe cha mtoni. Akasema, "Wewe huchezi, lakini huwezi kujua."

Nilifika Maganzo miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili kwisha. Mgodi wa almasi uko jirani, nikapata kazi ya udobi ndani ya uzio. Shule nilisoma madarasa mawili tu misheni, lakini pasi haiulizi darasa. Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Tabora, mswalihina, kofia yake nyeupe kuliko shuka zote tulizofua. Aliniita mwanangu, nami nikamwita mzee, na kwa miaka mitatu tulikula sahani moja.

Sasa nieleze habari ya lango, kwa maana ndiyo habari yenyewe. Kuingia mgodini ulionyesha kipande chako cha kazi tu, ukapita. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Fungua mdomo, inua ulimi, vua viatu, panua vidole. Halafu askari alishika pindo la kaptura yako na kulipapasa kidogo kidogo, kama mtu anayepima shanga gizani. Mpishi mmoja tuliyemfahamu alikutwa na kijiwe ndani ya pindo, kidogo kuliko punje ya mtama. Asubuhi jiko lake lilikuwa na mpishi mwingine. Tangu hapo hata kushona kifungo tulishona mbele ya watu.

Siku moja memsahibu mmoja alituletea kasha. Alikuwa mke wa mhandisi, mwembamba, shingo ndefu, na alitembea nyayo zimepanuka nje kama bata. Ndani ya kasha mlikuwa na sketi saba, zimekuja kwa meli na kwa treni na zimekunjamana vibaya. Yeye aliziita tutu. Mzee aliinua moja akaitazama juu na chini.

"Hii kawa," akasema, "ni ya kufunikia wali wa nani?"

Na kweli zilifanana na kawa. Vyandarua juu ya vyandarua, nimehesabu mwenyewe, tabaka kumi na mbili, nyembamba kama utando wa buibui, zote zimeshikwa kiunoni. Memsahibu alieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba wasichana watazivaa kwa ngoma ya kwao, klabuni, na kwamba lazima zisimame. Zisilale. Zisimame pembeni ya kiuno kama sinia.

"Ngoma hiyo inaitwaje?" niliuliza alipoondoka.

"Nimemsikia akisema balaa."

"Hakusema balaa, mzee. Amesema bale."

"Ni hayo hayo," akasema. "Wewe chemsha wanga."

Kazi ile nilipewa mimi, kwa kuwa vidole vya mzee vilikuwa vimekwisha kuwa vigumu. Huwezi kuchovya sketi ya namna ile kwenye beseni; utatoa uji. Nilichemsha wanga wa muhogo mwepesi kama maji ya mchele, nikatia sukari kidogo, nikapaka kwa brashi tabaka moja moja, kisha nikazitundika kichwa chini barazani upepo uzipitie. Kila nilipomaliza moja nilirudi nyuma kuitazama. Sijui niseme nini. Nimefua mashuka ya wagonjwa, nimefua makoti ya mabwana, sijawahi kuona nguo isiyofunika kitu. Haikuwa ya baridi, haikuwa ya stara. Ilikuwa ya kusimama tu hewani. Nilianza kuja kazini mapema kwa ajili yake. Mzee aliniona nikiipuliza moja ili itikisike, akasema, "Oa, mwanangu. Oa upesi."

Lakini sukari ilileta sisimizi. Asubuhi ya tatu nilikuta mstari mweusi umeshuka kwenye kamba ya sketi kubwa kuliko zote, ile ya mchezaji wa mbele, umeizunguka kiuno chote. Nyingine sita hazikuguswa. Niliwapukuta, sikumwambia mtu, lakini moyo wangu haukutulia.

Siku ile nilizipeleka klabuni wasichana wakiwa wanajifunza. Nilisimama mlangoni. Yule wa mbele alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mpiga chapa wa ofisini, ambaye kila mara alinisalimu, "Jambo, dobi." Alipanda juu ya ncha za vidole vyake. Nasema ncha, si vidole. Mwili mzima juu ya kidole gumba, na akazunguka. Nilisahau sketi mikononi. Hapo hapo nilikumbuka uwanja wetu, saa sita mchana, na yule kijana anazunguka.

Jioni nilipewa soksi zake kufua. Mbele zilikuwa na damu. Niliisugua ile damu ya vidole kwa sabuni na chumvi, na kila niliposugua nilimwona baba na mwiba wa mama. Huyu msichana, nikawaza, atasimama mbele ya Wazungu wote wa mgodi, macho yote kwake, na hakuna mtu aliyemfunga kitu. Kwao hawajui. Nani atamwambia?

Kesho yake nilitoa hirizi ya baba kwenye nyasi za paa langu kule Maganzo, nikaingia nayo langoni mfukoni. Askari alitazama kipande, hakutazama mfuko. Mchana mzee alipokwenda kuswali, niliishona ndani ya pindo la tabaka la chini kabisa, mishono minane. Nilijisikia vizuri. Nilijua sketi hazitoki. Memsahibu alisema ni za klabu. Na sikufikiri zaidi ya hapo. Huo ndio ujinga wenyewe: mtu wa mgodi wa almasi, niliyepapaswa pindo kila jioni miaka mitatu, nimeshona kijiwe cheupe ndani ya pindo.

Siku ya ngoma yenyewe, alasiri, mzee alirudi kutoka ofisini uso umebadilika.

"Umesikia? Jiwe kubwa limepotea kule almasi zinakochambuliwa. Hata mizigo ya Wazungu itakaguliwa. Na hizi kawa zako kesho asubuhi zinakwenda Mwanza, kuchezwa huko. Zitapapaswa langoni moja moja."

Nilishika meza. Mzee alinitazama, halafu akaweka pasi chini polepole.

"Umefanya nini?"

Nikamwambia. Hakugomba. Alivua kofia akaivaa tena.

"Wataukata ule uzi watakuta jiwe jeupe limeshonwa kwa ngozi. Utawaambia ni la baba yako? Watauliza sketi ilifuliwa na nani. Ilifuliwa na sisi wawili."

"Nitalitoa, mzee."

"Litoe leo. Kesho ni la askari."

Lakini sketi zilikwisha chukuliwa, na wasichana walikwisha zivaa. Bahati tuliitwa wote wawili kukaa nyuma ya pazia na pasi, sindano na mkasi, kitu kikichanika. Ndivyo nilivyoingia katika jumba la ngoma ile, mara moja tu maishani mwangu. Taa zilizimwa kwa watu, zikawashwa kwa wachezaji. Mkubwa wa ulinzi wa mgodi alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Kinanda kikaanza.

Sikilizeni, mimi nimeona ngoma nyingi. Sijaona kitu kama kile. Sketi saba zilisimama kama nilivyozisimamisha, hakuna iliyolala, na wasichana walipita chini ya taa kama hawana uzito, sikusikia hata nyayo. Kwetu mguu ndio unaopiga ngoma. Hawa walikuwa wanaiomba ardhi msamaha. Nilikuwa na hofu, na bado nilifurahi. Sijui kama hayo yanakaa pamoja kwa watu wengine.

"Mbona wasichana wote wanatazama chini?" mzee alininong'oneza.

"Labda kuna kitu kimewapotea."

"Hapa kila mtu anatafuta kitu," akasema. "Wewe subiri chako."

Walipopumzika, msichana alikuja nyuma anahema. Uzi mmoja ulikuwa umening'inia kwenye sketi yake, pale pale nilipoishona hirizi. Nikamwonyesha mkasi.

"Kata, dobi. Haraka," akasema, akageuka.

Nilipiga magoti. Nikaingiza mkono chini ya vyandarua, nikaipata kwa kidole gumba, ngumu, ndogo kama kunde. Mishono minane. Mkasi ulikuwa mkononi. Na mbele yangu, usawa wa macho, vidole vyake: utepe umefungwa juu ya kifundo, na damu mpya imetokeza kwenye ncha ya kiatu. Alikuwa na ngoma moja zaidi, ile ya peke yake, na baada ya hapo memsahibu angezifungia sketi zote kashani kwa ufunguo.

Nilikata ule uzi mmoja uliokuwa unaning'inia. Nikainuka.

"Asante, dobi."

"Asante, memsahibu."

Mzee alinivuta pembeni. "Umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi, akakaa juu ya ndoo. Miaka mitatu sahani moja, na huo ndio uongo pekee niliomwambia.

Kinanda kilianza tena. Akatoka peke yake kwenye mwanga, akapanda juu ya kidole, akaanza kuzunguka, na macho yote yakamwangukia. Mkubwa wa ulinzi aliinama mbele kidogo. Nilihesabu mizunguko: mitano, sita, saba. Hakuanguka. Nikawaza, nikibaki mpaka kesho, tutaulizwa wawili, na mmoja ni mzee asiye na kosa. Nikiondoka, nimekwisha jibu. Anayekimbia hahitaji kuulizwa, na aliyebaki wanamwacha.

Niliweka mkasi juu ya meza ya pasi. Mzee alikuwa anatazama ngoma, mdomo wazi kidogo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Langoni askari alikuwa mtu wa kwetu, akanisalimu kwa lugha yetu. "Mwadila, dobi. Leo umechelewa, umecheza na wewe?"

"Nimetazama tu."

"Inua ulimi."

Nikainua. Nikavua viatu, nikapanua vidole vyote kumi. Akapapasa pindo la kaptura yangu, kulia, kisha kushoto, taratibu, hakuacha mahali.

"Huna kitu," akasema. "Kesho wahi, kuna mizigo mingi ya kukagua."

"Haya."

Kinanda kilisikika mpaka langoni, hakijakoma. Sikungoja kikome. Njia ya Maganzo iko kulia; nilikuwa na blanketi kule, na sufuria, na mshahara wa nusu mwezi haujalipwa. Nikashika ya kushoto, ya kuelekea Geita, viatu mkononi.