Nilimkata Bibi Maneno, Wakamwita Mchawi

Kosa ni langu. Si la wanafunzi, si la mtandao, si la wanakijiji. Ni langu mimi, mwalimu mtu mzima mwenye akili zake! Nimeona niliseme huku, kwa watu wasionijua, maana pale nilipotakiwa kulisema nilinyamaza.

Nilikuwa nafundisha sekondari moja ya kata, ndani ndani huko, ukitoka Kahama unaelekea Geita. Nikachaguliwa kwenda semina ya siku tatu kujifunza kufundisha kwa picha, sauti na video. Mwezeshaji alirudia jambo moja mpaka tukamchoka: kabla hujagusa kamera, kaa chini na karatasi. Andika unataka mwanafunzi ajifunze nini, nani ataonekana, nani ataitazama, na huyo anayeonekana amekubali nini.

Niliandika yote kwenye daftari. Nikarudi shuleni, sikulifungua tena.

Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia na nilitaka sifa, jamani. Nikawagawa kidato cha pili kwenye makundi, nikawaazima simu yangu kwa zamu. Kila kundi lirekodi dakika tano za chakula kinavyotayarishwa nyumbani kwao. Mpango wenyewe ndio huo. Nimemaliza!

Kulikuwa na binti mmoja, nitamwita Minza. Mpole, ana akili, analelewa na bibi yake. Kundi lake lilimrekodi huyo bibi akitengeneza michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikauke, viliwe msimu wa njaa. Bibi ana macho mekundu sana, na huko kikongwe wa macho mekundu huitwa mchawi. Ni moshi tu. Miaka yote amepikia kuni kwenye kijumba kisicho na dirisha.

Katikati ya video anacheka, anasema: "Mimi sina hofu. Mvua ikikataa watu watalia, mimi nacheka. Michembe yangu imejaa ghalani. Ndiyo maana nawaambia wajukuu, anikeni viazi mapema."

Maneno ya mama mwenye nyumba aliyejiandaa. Basi!

Mimi nikaona video imepoa. Nikatengeneza kionjo cha nusu dakika, cha kuwavuta wazazi waje. Nikasogeza picha mpaka macho ya bibi yakajaa kioo chote. Nikapunguza mwanga. Nikaweka muziki mzito wa kutisha. Nikakata maneno, yakabaki haya tu: "Mvua ikikataa watu watalia, mimi nacheka." Halafu kile kicheko chake, nikakirudia mara mbili.

Minza alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Madam, mbona umetoa viazi?"

"Viazi wataviona siku yenyewe. Hii ni ya kuwavuta tu."

"Bibi hajaiona, Madam. Nimpelekee kwanza aione?"

"Ataiona pamoja na wengine. Nenda darasani."

Nikaituma kwenye grupu la wazazi. Nilipata makopa na vidole gumba, nikajiona mtaalamu.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kweli. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini tu. Mimi wa mshahara sikuliona hilo, lakini mkulima anayeangalia shamba lake linakufa, halafu anamwona kikongwe mwenye macho mekundu kwenye simu anacheka, ataelewa nini? Siku ya tatu watu walishasema kikongwe ndiye anayefunga mvua. Ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye simu kijiji hadi kijiji.

Minza akanifuata ofisini. "Madam, ifute. Leo kisimani wamemkatalia bibi maji."

Niliifuta. Kwangu! Kwenye simu za watu nifute vipi? Nikaituma ile video nzima ili waone viazi. Nani ana bando la kufungua dakika tano? Watu walitaka ile nusu dakika.

Wanakijiji walimwendea bibi mchana kweupe. Wakavunja ghala, wakakanyaga michembe, wakachoma nyumba. Bibi aliponea kwa jirani aliyemfungia ndani mpaka mtoto wa kiume wa bibi akaja kumtorosha kwenda Chato, kwa dada yake. Polisi walipofika, hakuna aliyeona kitu.

Sasa sikilizeni ubaya wangu ulipofikia. Mkuu wa shule aliniita mbele ya bodi: "Mwalimu, nani aliitengeneza hii?"

Nikasema, "Ni kazi ya wanafunzi. Kundi la Minza."

Lo! Ulimi wangu mwenyewe! Habari ikafika kwa ndugu waliomchukua Minza nyumba ilipoungua. Mjomba wake akamwambia, "Wewe ndiye uliyemuuza bibi yako." Minza hakurudi shule tena. Na hakunitaja. Angenitaja ningefukuzwa kazi, lakini hakunitaja.

Baada ya miezi kadhaa nilipanda basi hadi Chato. Nilimkuta bibi amekaa ndani, mlango umefungwa, juani hatoki tena. Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akauliza, "Wewe ndiye mwenye ile simu?"

"Ndiyo, bibi. Ni mimi, siyo Minza. Nimekuja kuomba msamaha."

Halafu akasema, "Nilivaa kitenge kipya siku ile. Mjukuu aliniambia ni kwa ajili ya shule."

Akageukia ukutani. Binti yake akanitoa nje taratibu, akasema, "Mwalimu, usirudi." Bibi alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Nilisikia kwa watu.

Minza yuko Geita, kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, anapepeta vumbi la mawe siku nzima. Nilimfuata kumwambia nitakwenda kwa mkuu wa shule niseme ukweli, arudi darasani. Alinitazama, uso umejaa vumbi. "Nirudi kwa nani, Madam?" Akaendelea kupepeta.

Kwa mkuu nilikwenda. Akaniambia yameshapita, nisichafue shule. Nikahamishwa. Sasa naishi mjini, mtaa wa Kambarage, nafundisha, napokea mshahara. Hakuna aliyeniadhibu.

Walimu wenzangu, mnaopewa hizo kompyuta na projekta, nawasihi! Kaeni na karatasi kwanza. Nendeni kwa huyo mtu mnayetaka kumrekodi, mwonyesheni kazi ikishakamilika, na akisema hapana, muiache. Ukishakata maneno ya mtu huna pa kuyarudishia. Na ukikosea, siku utakayoulizwa ni nani, sema ni mimi. Sema siku hiyohiyo, mbele ya haohao. Mimi nimesema leo, na leo haimsaidii mtu.