Fromaji juu ya meza ya ba-profeseri

Hii hadithi inanionyesha mujinga, najua. Lakini afazali niielezee mimi mwenyewe, kwa sababu nyumbani wanaielezea kila mugeni akifika, na wanaongeza chumvi mingi.

Dada yangu mudogo alikuwa anataka kitu kimoja tu: kusomea infirmieri, kazi ya kuuguza wagonjwa, ku iniversite. Mimi nilimaliza primeri, nikapanda moto, pikipiki ya kubeba watu, sijashuka mpaka leo. Basi siku ba-profeseri walifika Masisi kwa kuuliza watoto maswali na kuchagua wa kuingia iniversite, njo mimi nilimubeba toka kwetu Mushaki, matope mpaka ku magoti.

Kwetu hauendi kwa watu mikono mitupu. Nikaficha fromaji moja muzima ndani ya koti, jibini ya maziwa ya ng'ombe zetu. Dada hakujua.

Wakamuita, nikaingia nyuma yake. Ndani mulikuwa ba-profeseri watatu: Mama mumoja wa miwani na ba-papa wawili, wanaume wa heshima. Nikaweka fromaji juu ya makaratasi yao.

"Hii njo salamu ya kwetu. Mutoto sasa ni wenu."

Mama akavua miwani.

"Kaka, hapa tunachagua kwa majibu. Mwenye kutuletea kitu, tunamufuta."

Papa mumoja alikuwa tayari ameshika kalamu. Dada akaniangalia vile paka anaangalia panya.

Halafu Mama akamugeukia: "Tuseme uko infirmieri. Wagonjwa wako ku mustari. Wa nyuma kabisa anakuletea fromaji ili umuanzie. Utafanya nini?"

Dada hakukawia. "Nitamuuliza kwanza nini inamuuma, Mama. Kama haiko mbaya sana, atarudia nyuma na fromaji yake. Lakini huyu kaka yangu hapa iko kichwa inamuuma, tangu alizaliwa. Tumemuzoea."

Ba-papa wakacheka mpaka meza ikatikisika. Kalamu ikalala. Wakanifukuza na fromaji yangu, maswali ingine ikaendelea.

Inje, wale wengine wenye kungoja walikuwa na njaa na woga. Nikatoa kisu, nikakatia kila mutu kipande. Hakuna mwenye alinifuta.

Jioni wakasoma majina. Ya dada ilikuwamo! Nikapiga honi ya moto mpaka mbuzi za watu zikakimbia.

Ule Mama wa miwani akapita karibu yetu, akasimama.

"Kaka, ushukuru ulimi ya dada yako. Bila ile ulimi tungemufuta, mungerudia Mushaki watatu: wewe, yeye, na fromaji."