Mashavu ya Baba

Harufu ya samli ya moto hunirudisha uani kwetu, kando ya migomba, nimeketi kwenye kigoda uso kwa uso na baba.

Nilikuwa nimeamka asubuhi moja nikakuta upande wa kushoto wa uso wangu umelala. Jicho halikufumba, na uji ulinichuruzika kidevuni. Wenzangu shuleni walinicheka, nikakataa kurudi. Muuguzi wa hospitali ya misheni alimfundisha baba mazoezi: kuinua nyusi, kuvimbisha mashavu, kupiga mluzi, kunyoosha shingo midomo ikiwa imebanwa. Kila jioni, akitoka kuchuma majani chai, baba alinisugua shavu kwa samli, kisha tukafanya mazoezi pamoja. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo.

Jioni moja wazee wenzake waliingia wakamkuta mashavu yamemvimba na macho yamemtoka.

"Tata, wageni," nilimnong'oneza baba kwa aibu.

"Nimewaona. Vimbisha."

Kisha akawageukia. "Karibuni, kaeni. Tumebakiza miluzi kumi."

Waliketi. Yule mnene akavua kofia, akavimbisha mashavu naye, na mimi nikashindwa kujizuia, nikacheka.

Baba akanishika kidevu. "Cheka tena."

Nikacheka.

"Mmeona?" aliwauliza wenzake. "Mdomo umecheza."

Jumatatu nilirudi shuleni. Mdomo ulikuwa bado umepinda kidogo, na sikuuficha.